Ng'ombe Wasihesabiwe kwa Rangi ya Binti

Pamba ikishauzwa, harusi zinaanza. Ndivyo mwaka unavyokwenda kwetu Simiyu: mizani inafunguliwa Mei, fedha inaingia mikononi, na kuanzia Juni hadi mawingu ya vuli yaanze kujikusanya, hakuna Jumamosi inayopita Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega bila turubai kufungwa mahali. Kabla ya turubai kuna kikao cha mahari, na kikao hicho ndicho ninachotaka tukizungumze, ndugu zangu, kabla msimu haujachanganya.

Wazee wa pande mbili wamekaa uani. Mshenga ameshajieleza. Upande wa binti unataja ng'ombe, upande wa kijana unaguna na kuomba kupunguziwa. Wanavutana hapo hadi mtu mmoja, mara nyingi mtu mzima mwenye heshima zake, anatoa neno ambalo wenzake walikuwa wanalisubiri: "Jamani, binti mwenyewe hamjamwona? Mbona ni mweupe huyu!" Watu wanacheka, ubishi unaisha, na idadi inabaki palepale juu. Kikao kingine, binti mwingine, neno ni hilohilo lililopinduliwa: "Huyu wenu ni mweusi, tuelewane." Ng'ombe wanashuka. Binti yuko chumba cha pili na shangazi zake, ukuta wa tofali moja unawatenga na wazee, na kila kinachosemwa anakisikia.

Hakuna aliyekulia Usukumani asiyelijua jambo hili. Tumeligeuza utani wa kujitambulisha mbele ya makabila mengine, na wenzetu wa mikoa mingine wanatutania nalo kwenye mabasi na maofisini. Mimi sioni tena la kucheka. Mtoto wa kike wa miaka 12 anayeusikia utani huo hana namna ya kujua kwamba ni utani. Anachokisikia ni bei.

Tukizungumzia siku hizi vijana wetu na miili yao, lawama zote tunazitupia simu. Tunasema ni TikTok, ni video za Bongo Fleva zenye wasichana wa rangi moja na umbo moja, ni mabango ya vipodozi barabarani. Lawama hizo zina msingi, nami nitazifikia. Lakini simu ilipofika ilitukuta tayari tunapanga watu kwa rangi. Ilichofanya ni kuja na picha za kuthibitisha kile ambacho binti alishakisikia nyumbani kwao. Kama tunataka kuwakinga watoto wetu na kile kinachotoka Dar es Salaam, Lagos na Marekani kupitia kioo cha simu, inabidi tuanze na maneno yanayotoka vinywani mwetu, kwa sababu hayo tunaweza kuyaacha leo bila kusubiri kibali cha mtu.

Nguvu ya picha si jambo la kubahatisha. Katika visiwa vya Fiji, kwenye eneo la vijijini la Nadroga, watu walikuwa wakiupenda mwili ulioshiba. Mtu aliyekonda alihurumiwa na kupelekewa chakula, kama ambavyo sisi tukimwona mtu ametoka likizo tunamwambia kwa furaha, "Umenawiri!" Mwaka 1995 televisheni ikafika huko. Mtafiti wa Marekani, Anne Becker, aliwahoji wanafunzi wa kike wiki chache tu baada ya televisheni kuingia, akarudi 1998 kuwahoji wasichana wengine wa rika lilelile. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili, wasichana 11 katika kila 100 walisema wanafanya hivyo. Ilichukua miaka mitatu tu, na vipindi vyenyewe vilitoka nchi za mbali vikionyesha watu wasiofanana nao hata kidogo.

Wasichana wale walikuwa na televisheni ya sebuleni, ya kutazama pamoja na baba na mama. Binti wa Nkololo au Dutwa mwenye simu ana kioo chake mwenyewe, anakitazama kitandani usiku, na kioo hicho kinajua alichotazama jana. Akisimama mara mbili kwenye video ya mafuta ya kung'arisha ngozi, kesho ataletewa kumi. Kisha kuna filta. Anafungua kamera, na kabla hajabonyeza chochote ngozi imeshasafishwa, pua imebanwa, mashavu yameng'aa. Akizima, anakutana na uso wake halisi na anauona kama una kasoro. Mwishoni mwa 2024 TikTok wenyewe walitangaza kwamba watawazuia walio chini ya miaka 18 kutumia baadhi ya filta za kubadili sura. Wenye biashara wamekiri kwamba kuna tatizo. Sisi wazazi bado tunaona ni mchezo wa watoto.

Hata bila TikTok, tazama picha ya pasipoti ya mtu yeyote iliyopigwa kwenye studio za mjini kwetu. Itazame kwa karibu. Uso umetolewa weupe wa kijivu, laini, bila tundu wala alama, halafu sikio lina rangi yake ya asili, na shingo pia. Mpiga picha hakuombwa. Amefanya kama hisani, kwa sababu amezoea kwamba mteja akijiona mweusi atarudisha picha. Ufaransa tangu 2017 picha ya tangazo ambayo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kuongezwa kwa kompyuta lazima iandikwe kwamba imeguswa. Norway nayo tangu 2022 inawabana hivyohivyo watangazaji na watu maarufu wa mitandaoni. Kwetu hakuna anayemwandikia mtu chochote. Mwanafunzi anakwenda kubandika kwenye fomu ya kidato cha tano uso ambao si wake.

Sasa tuje kwenye mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua ngozi, maana huku ndiko maneno ya kikao cha mahari na picha za simu vinakokutana, na huku ndiko watu wanakoumia.

Pita kwenye gulio lolote la mkoa huu, au pembezoni mwa mnada wa ng'ombe, utaukuta umepangwa juu ya turubai: makopo, tyubu, chupa zisizo na lebo, na mchanganyiko uliokwisha kukorogwa unaopimwa kwa kikopo kidogo ili hata mwenye fedha ya chumvi aweze kununua. Muuzaji ana maneno yake: ndani ya wiki mbili utaona mwenyewe. Na ni kweli ataona. Hilo ndilo linalofanya mambo kuwa magumu, kwa sababu mkorogo hauongopi wiki ya pili. Unaongopa mwaka wa pili.

Ndani ya mchanganyiko huo mara nyingi kuna mojawapo ya vitu vitatu, au vyote kwa pamoja. Kimoja ni haidrokwinoni. Habari za kemikali za jamii hiyo zilianzia mahali pa ajabu: mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wafanyakazi weusi wa kiwanda cha kusindika ngozi za wanyama ambao mikono yao ilikuwa ikipoteza rangi kwa mabaka. Walipochunguza, wakakuta chanzo ni kemikali iliyotiwa kwenye glavu za mpira. Wale wafanyakazi walihesabiwa kuwa wameumia kazini. Baadaye watu wengine wakaona katika jeraha hilo biashara, wakaitia jamaa ya kemikali ile kwenye makopo yenye picha ya mwanamke anayetabasamu. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini, wakiongozwa na George Findlay, walieleza kilichokuwa kinawapata watumiaji wa muda mrefu: badala ya ngozi kuwa nyeupe, mashavu na paji la uso vilikuwa vinatoka madoa meusi yenye ubuluu ambayo hayatoki kwa dawa wala kwa maombi. Mwaka 1990 nchi hiyo ikapiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni.

Cha pili ni zebaki, ileile ambayo wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa wanakamatia dhahabu. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba zebaki ya kwenye vipodozi huharibu figo, huigusa mishipa ya fahamu, na huipunguzia ngozi uwezo wa kujikinga na bakteria na fangasi. Tena haikai kwa aliyejipaka peke yake. Inahamia kwenye taulo, kwenye shuka, kwenye mikono ya mtoto anayenyonya akishika kifua cha mama yake. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walilemaa kwa kula samaki wenye sumu ya zebaki, unazikataza bidhaa hizi, na Tanzania ni mwanachama wake.

Cha tatu ni dawa za steroidi, kama klobetasoli, ambazo daktari wa ngozi humwandikia mgonjwa azipake mahali padogo kwa muda mfupi. Sisi tunazipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Ngozi inakuwa nyembamba. Michirizi inatokea mapajani na mikononi. Kidonda kidogo cha jembe kinachelewa kupona, na mshono wa upasuaji unakuwa na shida ya kushika. Fikiria maana yake kwa mwanamke wa Simiyu, ambaye siku yoyote anaweza kuhitaji upasuaji wa uzazi, na ambaye kazi yake ni shambani, kuchuma pamba chini ya jua la Juni. Weusi wa ngozi ndio kinga aliyopewa dhidi ya jua hilo. Anaikwangua kinga hiyo halafu anaingia shambani.

Kwa hiyo naomba sana: ukinunua mafuta, geuza boksi. Upande wa nyuma, chini, kuna maandishi madogo yanayotaja kilichomo. Huhitaji kujua Kiingereza. Tafuta neno linaloanza na "hydroq", neno linaloanza na "mercur", neno linaloanza na "clobet". Ukiliona moja, rudisha. Kama boksi halina orodha, au chupa haina boksi, rudisha vilevile. Tangu Julai 2019 udhibiti wa vipodozi, ambao awali ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, na kumuuzia mtu sumu hizi ni kosa la kisheria.

Nasema pia kwa dada aliyekwisha kuanza. Usione aibu, wala usikae na tatizo peke yako. Ukiacha, ngozi inaweza kuwasha, ikawa nyekundu au ikatoka vipele kwa muda, na wengi hurudi kwenye mkorogo kwa kuogopa hali hiyo. Nenda kituo cha afya, mwambie mhudumu ukweli wa ulichokuwa unapaka na kwa muda gani. Ukiwa mjamzito, mwambie mkunga. Nanyi wahudumu, akija mtu namna hiyo msimsimange, mpokeeni.

Maana kusimanga tunakujua sana. Tuna msemo wa uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola, na tunamtazama dada wa watu vifundo vya vidole, vile vinavyobaki vyeusi wakati mkono wote umebadilika, tunacheka. Tunamcheka kwa kufanya kile tulichomfundisha. Tulipandisha ng'ombe kwa ajili ya weupe, akautafuta weupe, sasa tunamzomea kwamba hajaupata sawasawa. Hii si haki. Kujichubua ni jibu la binti kwa swali tulilomuuliza sisi.

Nchi yetu iliwahi kujaribu njia ya amri. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi vingepigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Wakati tangazo linatoka, Kariakoo wanawake walishushwa kwenye mabasi na kuchaniwa nguo na makundi ya vijana wa kiume. Nia ya kuwaambia Waafrika kwamba ngozi yao inatosha ilikuwa njema, nami naiunga mkono hadi leo. Lakini ilipoishia mwanaume kumkagua mwanamke barabarani, ilikuwa imerudia kosa lilelile la kuufanya mwili wake kuwa mali ya wanaomtazama. Ndiyo maana wito wangu hauwaombi migambo wapite wakinusa mafuta ya watu. Unatuomba sisi tunaosifu na kushusha watu tubadilishe tunachokisifu.

Na kuna jambo zito zaidi ambalo mkoa wetu hauwezi kulikwepa. Ardhi hii hii inayolipa ng'ombe kwa ajili ya weupe imewawinda watu waliozaliwa weupe. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007 yalitufikia. Mei 2014 mwanamke mmoja mwenye ualbino aliuawa katika kijiji cha mkoa huu. Na bibi zetu? Bibi aliyepikia familia miaka hamsini kwa mabua ya pamba na samadi ya ng'ombe, kwa sababu miti imeisha, macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi. Wengine ni trakoma ambayo haikutibiwa. Wekundu huo wa macho, ambao ni alama ya kazi aliyotufanyia, umewaponza vikongwe wengi wa Usukumani wakaitwa wachawi na kukatwa mapanga usiku.

Nayaweka mambo haya pamoja makusudi. Kumpandishia binti ng'ombe kwa rangi, kumwinda mwenye ualbino, kumshuku bibi kwa macho yake: uzito wake haulingani, na sitaki mtu adhani ninalinganisha utani na damu. Lakini yote yanaanza kwa tabia moja, ya kuutazama mwili wa mtu na kudhani tumeshamaliza kumjua. Tukimzoesha mtoto kwamba rangi inasema mtu ana thamani gani, tusishangae akiwa mkubwa akiamini kwamba macho yanasema mtu ni mchawi.

Inakadiriwa kwamba nchini kwetu mtu 1 katika kila 1,400 anazaliwa na ualbino, kiwango ambacho ni kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Wanachohitaji ni kofia pana, shati la mikono mirefu, kukaa mbele darasani kwa sababu ya uoni, na mafuta ya kukinga jua. Hospitali ya KCMC kule Moshi wanatengeneza ya kwao yanayoitwa KiliSun kwa ajili hiyo hasa. Saratani ya ngozi inawaondoa wengi wakiwa bado vijana. Tarehe 13 Juni ni siku yao ya kimataifa, na inaangukia mwanzoni mwa msimu wetu wa harusi. Mwaka huu shule na makanisa na misikiti wasiiache ipite.

Wazee wangu, najua mtakalosema. Mahari si bei, mahari ni heshima. Nakubali kabisa, wala siko hapa kuipinga mahari. Ng'ombe wanaotoka kwa wakwe wanaunganisha koo mbili na ni ushahidi kwamba binti hakuokotwa njiani. Lakini heshima ni ya nini? Kama ni ya malezi, semeni malezi. Kama ni ya shule aliyosoma, ya mikono inayolima ekari za pamba, ya ukoo unaojulikana kwa kukaa na watu vizuri, semeni hayo, na pandisheni ng'ombe mkitaka. Mkitaja rangi, hapo mmeacha heshima na mmeingia mnadani, ambako mnyama hukaguliwa mwili na kutajiwa bei. Mzee mmoja tu akisema kikaoni, "Habari ya weusi na weupe tuiache, wenzangu," wengine watanyamaza. Nimeshaona jinsi neno la mzee linavyofunga mjadala Usukumani. Litumieni kwa hili.

Mashangazi na mama wakwe, nanyi mna kiti chenu. Ni ninyi mnaomwogesha mtoto mchanga na kumtazama nyuma ya masikio na kwenye kucha ili kubashiri atakuwa na rangi gani, na wengine mnapumua kwa nguvu mkiona atakuwa mweusi. Mama yake amelala pale, ametoka kujifungua, anaisikia pumzi hiyo. Ni ninyi pia mnaomwita mjukuu mmoja "mzungu wangu" na dada yake "kijeusi". Kijeusi huyo ana jina. Mwiteni.

Lugha yetu haikosi maneno ya kumsifia mtu bila kumchubua. Tuna mwanya, tuna vishimo vya mashavuni, tuna shingo ya pingili, tuna macho ya usingizi, tuna mwendo. Karibu yote ni vitu ambavyo mtu kazaliwa navyo na haviuzwi kwenye kopo. Sisemi zamani kulikuwa na haki. Wasichana wa zamani nao walipangwa na kupunguzwa. Ila sifa zilikuwa nyingi, na kila mmoja aliweza kuokota moja iliyomfaa. Picha za simu zimeziminya zote zikabaki mbili tatu: rangi hii, kiuno hiki, makalio haya. Kwa hiyo wanaume kwa wanawake wananunua vidonge vya kunenepesha wasivyojua vimetengenezwa kwa nini, na sindano wasizojua zimetoka wapi.

Nimesema wanaume kwa sababu na wao wamo. Kijana mfupi, kijana mwembamba, kijana ambaye ndevu hazioti, wote wanasikia maneno. Mvulana anayeitwa "kimbaumbau" tangu darasa la tatu hawezi kuvua shati mtoni. Kukonda kwetu kuna unyanyapaa wake wa ziada tangu miaka ya UKIMWI, mtu akipungua kidogo watu wanaanza kunong'ona. Tusimwambie mtu chochote kuhusu uzito wake kama salamu. "Umenenepa" na "umekonda" si salamu. Muulize ametokaje nyumbani.

Tuna mfano wa karibu wa kuwapa mabinti zetu, na ajabu ni kwamba hatuutumii. Mwaka 2007, Tanzania ilipotuma kwa mara ya kwanza mrembo kwenye shindano la Miss Universe, aliyekwenda Mexico City alikuwa Flaviana Matata, mzaliwa wa Shinyanga, mkoa ambao wakati huo bado Bariadi ilikuwa ndani yake; Simiyu ilikuja kuwa mkoa 2012. Alikuwa na ngozi nyeusi, na alipanda jukwaani akiwa amenyoa kichwa, kama wanavyonyoa mabinti wetu wa shule za serikali. Wengine waliamini mrembo bila nywele ndefu hawezi kufika popote. Alifika kwenye kumi bora za dunia, kisha akafanya kazi ya uanamitindo New York kwa miaka mingi kwa kichwa kilekile. Simleti kama kipimo kipya ambacho kila binti akifikie, kwa kuwa wengi wetu hatutapanda jukwaa lolote. Namleta ili mwalimu wa darasa la sita akimwona binti anajificha kwa ajili ya kichwa chake kilichonyolewa au rangi yake, awe na kitu cha kweli cha kumwambia.

Na walimu, tafadhali: msimpange mtoto mweupe mbele kila mgeni rasmi anapokuja, msimpe ua kwa sababu ya rangi. Watoto wanaona nani anachaguliwa.

Wapiga picha wa Bariadi na Lamadi, wito wangu kwenu ni mwepesi kutekeleza. Mpe mteja uso wake. Jifunzeni kuweka mwanga kwa ajili ya ngozi nyeusi, ambayo ikipata mwanga mzuri inang'aa bila kufutwa. Anayetaka kung'arishwa atasema mwenyewe. Ma-MC wa harusi, acheni kumtambulisha bibi harusi kwa kupiga kelele kwamba ni mweupe; mtaje kwa jina la baba yake na mama yake. Redio zetu za mkoani, msipokee tangazo la kung'arisha ngozi bila kuuliza kilichomo, maana bibi kijijini akisikia redioni anaamini. Wenye maduka, mnajua mnachouza. Nane Nane ikija pale Nyakabindi, ambako taifa zima liliwahi kuja kuonyesha kilimo chake, ningependa kuona meza moja ya afya ya ngozi kati ya meza zote za mafuta.

Vijana wa kiume, kwenu nina ombi moja, na huenda ndilo lenye nguvu kuliko yote. Ukipeleka washenga, waambie kabla hawajaondoka: rangi isitajwe. Umempenda huyo uliyempenda. Ukishamwoa, akikuta kopo la mkorogo kwa jirani, awe na uhakika kwamba wewe hutaki alinunue. Wanawake wengi wamesema waziwazi kwamba wanajipaka ili mume asitoke nje. Mwondolee mkeo hofu hiyo kwa mdomo wako.

Na wewe msomaji, wa mkoa huu au wa mwingine, kama una binti nyumbani, leo jioni kabla ya chakula mwambie jambo moja zuri ambalo halihusu sura yake, na jingine zuri linalohusu sura yake kama ilivyo. Kisha ukaribishwapo kikao cha mahari msimu huu, na mtu akataja weupe, usicheke. Sema neno.